H-1B na siku 60: mhamiaji wa teknolojia akipunguzwa kazi, hapotezi mshahara peke yake

Kila kampuni kubwa ya teknolojia ya Marekani inapotangaza kupunguza wafanyakazi, mabishano yale yale huzuka upya. Wapo wanaosema wahamiaji wenye ujuzi hawana cha kuhofia, watapata kazi kesho yake. Wapo wanaoapa kwamba siku ya 61 polisi wa uhamiaji wanabisha hodi. Wengine wanaamini wahamiaji ndio wanaobakizwa wakati wenyeji wanaondolewa, kwa kuwa waliletwa kwa bei rahisi. Kila kauli kati ya hizi ina chembe ya ukweli ndani ya makosa mengi, na makosa hayo yanaumiza watu. Mtu aliyepunguzwa kazi leo anaweza kufungasha mizigo mapema kuliko inavyohitajika, au akakaa kimya hadi muda ukampita, kwa sababu ya jambo alilosikia kwa rafiki.

Tuanze na istilahi chache. H-1B ni kibali cha muda cha kufanya kazi Marekani kwa mtu mwenye kazi inayohitaji walau shahada ya kwanza katika fani yake. Kilianzishwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Kila mwaka kampuni hugawiwa nafasi mpya 65,000, na nyingine 20,000 kwa waliosoma shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Maombi yakizidi nafasi, huchezeshwa bahati nasibu. Kibali hutolewa kwa miaka mitatu na huweza kuongezwa mingine mitatu. Wanaokipata wengi ni Wahindi, wakifuatiwa kwa mbali na Wachina, na sehemu kubwa ya kazi zenyewe ni za kompyuta.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mwombaji ni mwajiri, wala si mfanyakazi. Kampuni ndiyo inayoiambia serikali: tunamhitaji mtu huyu, kwa kazi hii, mahali hapa, kwa mshahara huu. Kibali hakimfuati mtu huyo kwenye kazi yoyote aitakayo.

Kuna pia tofauti kati ya viza na hadhi ya uhamiaji. Viza ni ile karatasi inayobandikwa kwenye pasipoti ili uruhusiwe kufika mpakani na kuomba kuingia. Hadhi ni haki ya kuendelea kuwemo nchini ukishaingia, kwa masharti uliyopewa. Mtu anaweza kuwa na viza yenye miaka miwili mbele yake na bado akawa amepoteza hadhi, kwa sababu kazi iliyompa hadhi hiyo imekwisha. Wengi hujikwaa hapa: wanatazama tarehe ya kwenye pasipoti na kujipa moyo.

Mfikirie mtu anayeishi katika nyumba ya mwajiri wake. Jirani yake aliyepanga kwingine akiachishwa kazi, atahangaikia mshahara. Yeye akiachishwa siku hiyo hiyo, atahangaikia mshahara na paa, na tarehe ya kurudisha funguo imeshaandikwa. Kwa mwenye H-1B, paa hilo ni nchi nzima: shule ya watoto, mkataba wa pango, mkopo wa gari, daktari wa familia, na pengine ruhusa ya mwenzi wake kufanya kazi.

Kazi zimekauka kwa upande mmoja tu

Hofu ya miaka hii ilianza kwa watu kuajiriwa kupita kiasi. Mwaka 2020 na 2021 janga la korona liliwasukuma watu kufanya kila kitu mtandaoni, na riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Pesa ikiwa rahisi kiasi hicho, mwekezaji yuko tayari kusubiri miaka mingi kampuni ianze kupata faida, na kampuni huajiri kwa matarajio ya kesho. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya nchi hiyo ilipandisha riba mfululizo kupambana na mfumuko wa bei, hadi ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mwezi Julai 2023. Wawekezaji wakataka faida sasa, na mahali pa haraka pa kuipata pakawa orodha ya mishahara.

Novemba 2022 Twitter iliondoa takriban nusu ya watu wake, na siku chache baadaye Meta ikatangaza kuondoa 11,000. Januari 2023 Amazon ilitaja zaidi ya 18,000, Microsoft 10,000, na Alphabet, kampuni mama ya Google, 12,000. Machi Meta ikarudi na wengine 10,000.

Cha ajabu, mwezi huo huo wa Januari 2023 kiwango cha ukosefu wa ajira Marekani kilikuwa asilimia 3.4, kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1969. Kwa mtu wa kawaida nchi ilikuwa na kazi tele. Mwenyeji aliyepunguzwa Meta angeweza kufundisha, kuuza duka, kuendesha teksi, kufanya vibarua vya programu huku akitafuta. Mwenye H-1B haruhusiwi hata kimoja kati ya hivyo. Anahitaji kazi ya fani yake, kwa mwajiri aliye tayari kuandika ombi na kulipa ada za serikali na wakili, na waajiri hao ndio wale wale waliokuwa wamesimamisha kuajiri. Kwa hiyo ile hoja ya kwanza, kwamba mwenye ujuzi hapati shida, inasahau kwamba soko lake ni dogo kuliko la ujuzi wake.

Historia inaonyesha jinsi soko hilo linavyopanda na kushuka na uchumi. Aprili 2007 nafasi za H-1B zilijaa mara tu mlango ulipofunguliwa. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa mabenki, zilichukua hadi mwishoni mwa Desemba kujaa. Wahamiaji wenye sifa hawakuwa wamepungua. Waajiri wa kuwaombea ndio waliokuwa wameadimika.

Siku 60 zinahesabiwaje

Kabla ya Januari 2017 hapakuwa na siku hata moja. Msukosuko wa kampuni za intaneti wa mwaka 2001 ulipowaacha maelfu bila kazi, mwenye H-1B alipoteza hadhi kazi ilipokoma, na wengi waliishi kwa kutegemea huruma ya maofisa. Kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 ilitoa kipindi cha neema cha hadi siku 60 mfululizo. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, na zinatolewa uwe umefukuzwa, umepunguzwa au umeacha mwenyewe.

Yale maneno "hadi siku 60" yana uzito wake. Kibali chako kikiwa kimebakiza siku 20, unapewa 20. Ndani ya siku hizo huruhusiwi kufanya kazi kwa mtu mwingine bila ombi jipya.

Zinaanza lini? Kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya mwisho ambayo umelipwa mshahara kama mwajiriwa. Kiinua mgongo hakisogezi tarehe hiyo, hata kiwe cha miezi sita. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 katika upunguzaji mkubwa unaotimiza masharti yake, na kampuni nyingi za teknolojia hutimiza hilo kwa kumwambia mtu asije tena kazini huku wakimlipa mshahara kama kawaida kwa siku hizo. Google ilifanya hivyo Januari 2023. Aliye katika hali hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa bado ameajiriwa, na neema yake huanza notisi ikiisha, kwa hiyo kwa vitendo ana karibu miezi minne. Mwenzake wa kampuni ndogo aliyepewa hundi nono na kuagwa siku hiyo hiyo ana miwili. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaojadiliana na mwajiri kuhusu ukubwa wa kiinua mgongo, wakati jambo la thamani zaidi kwao lingekuwa kuomba wabaki kwenye orodha ya mishahara wiki chache zaidi, hata kwa pesa kidogo.

Na siku 60 zenyewe hazitumiki zote. Sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye H-1B kuanza kazi mpya pale tu mwajiri mpya anapowasilisha ombi, bila kusubiri majibu. Hilo ni jambo zuri. Lakini kabla ya kuwasilisha, mwajiri lazima apate hati ya masharti ya kazi kutoka Wizara ya Kazi, na hiyo peke yake huchukua siku saba za kazi. Ongeza wakili anayekusanya vyeti, na usaili wa kampuni kubwa ambao huenda raundi tano au sita kwa wiki kadhaa. Mtu anayepata barua ya kazi siku ya 50 amepata kazi na bado yumo hatarini.

Je, siku ya 61 wanakuja kukukamata? La, hakuna operesheni ya kumsaka kila mtu aliyepitisha tarehe. Madhara huja kwa njia nyingine: hadhi imevunjika, na kila ombi la baadaye litauliza ulikuwa wapi na kwa ruhusa gani. Mtu akijilimbikizia zaidi ya siku 180 za uwepo usio halali kisha akaondoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Akifikisha mwaka, ni miaka kumi. Mwajiri naye analazimika kuiarifu serikali kwamba ajira imekwisha, na akiwa ndiye aliyeivunja kabla ya muda wa kibali kumalizika, anatakiwa kumpa mfanyakazi gharama ya kuridhisha ya usafiri wa kurudi kwao.

Kabla ya siku hizo kuisha mtu anaweza kuomba kubadilisha hadhi: kuwa tegemezi wa mwenzi mwenye kibali, kuwa mwanafunzi, au hata mgeni wa muda. Ombi lililowasilishwa kwa wakati humruhusu kusubiri majibu ndani ya nchi. Halimpi ruhusa ya kufanya kazi wala kipato. Na mafao ya kukosa ajira, ambayo mwenyeji huyategemea katika miezi kama hii, kwa kawaida hayamfikii, kwa kuwa majimbo hutaka mtu awe huru kuanza kazi yoyote inayomfaa, naye si huru kisheria.

Wahitimu wa vyuo walio katika mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo wana hesabu tofauti: siku 90 za kukaa bila kazi kwa jumla, zinazofika 150 kwa wale wa sayansi na teknolojia waliopata nyongeza ya miezi 24. Waliohamishwa ndani ya kampuni moja kutoka tawi la nje, wenye kibali cha L-1, wana neema ile ile ya siku 60, lakini kibali chao hakihamishiki kwa mwajiri mwingine.

Foleni ndefu kuliko miaka sita

Hadi hapa nimezungumzia waliopunguzwa. Waliobaki kazini nao wanayumba, na habari zao husikika kidogo sana.

Njia ya kutoka kwenye utegemezi huu ni ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani. Kwa mfanyakazi, njia hiyo ina hatua tatu. Kwanza kampuni hutangaza nafasi yake na kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba haikupata Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuichukua. Kisha huwasilisha ombi la mhamiaji. Mwisho mfanyakazi husubiri zamu yake ya kuwasilisha ombi la kadi yenyewe, na hapo ndipo miaka hupotea. Kadi za njia ya kazi ni kama 140,000 kwa mwaka, wake, waume na watoto wakiwemo ndani ya hesabu hiyo. Waliozaliwa nchi moja hawapaswi kuzidi asilimia 7. India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 na Iceland yenye watu wasiofika nusu milioni zimewekewa ukomo ule ule. Mwaka 2025, Wahindi wa daraja la pili la kadi hizo, hasa wenye shahada ya uzamili au zaidi, waliokuwa wakifikiwa ni wale walioingia kwenye foleni miaka ya 2012 na 2013. Kinachoangaliwa ni nchi uliyozaliwa, si pasipoti uliyonayo, na ndiyo maana mtu aliyezaliwa Nairobi au Dodoma yuko katika kundi la nchi nyingine, ambalo foleni yake ni fupi mno kuliko ya aliyezaliwa Hyderabad.

Sasa weka upunguzaji ndani ya utaratibu huo. Kampuni iliyopunguza watu wa kazi ile ile, eneo lile lile, ndani ya miezi sita iliyopita, lazima iwaarifu na kuwafikiria Wamarekani iliowaondoa kabla ya kudai kwamba haikupata mtu. Kampuni iliyotoka kuondoa maelfu ya wahandisi inawezaje kuthibitisha kwamba wahandisi hawapatikani? Mwaka 2023 Google na Amazon zilisimamisha hatua hiyo ya kwanza. Mfanyakazi ambaye hajaguswa, mwenye mshahara mzuri na tathmini nzuri, akajikuta amekwama.

Kukwama huko ni hatari kwa sababu ya ile miaka sita. Kuongezewa muda baada ya mwaka wa sita kunategemea, katika hali nyingi, hatua ya kwanza iwe imewasilishwa walau siku 365 kabla, au ombi la mhamiaji liwe limeshaidhinishwa. Mtu aliye katika mwaka wa tano huku kampuni imesimamisha maombi anaweza kulazimika kuondoka bila kupunguzwa kazi hata kidogo.

Kwa aliyepunguzwa, hatua aliyokuwa amefikia ndiyo inayoamua ukubwa wa pigo. Kama ombi lake la mhamiaji liliidhinishwa na siku 180 zikapita, mwajiri wa zamani hawezi kulifuta kwa kujiondoa tu. Mwajiri mpya ataanza karatasi upya, lakini tarehe ya foleni inabaki. Kama hatua ya mwisho ilishawasilishwa na kukaa siku 180, anaweza kuhamia kazi inayofanana na kuendelea. Ila kama alikuwa bado hatua ya kwanza, miaka ya kusubiri imepotea. Watoto nao hukua: mtoto aliyekuja na wazazi akiwa na miaka mitatu hupoteza hadhi ya utegemezi akifika 21, na foleni haimsubiri.

Nirudi kwa ile hoja ya bei rahisi. Sheria inamtaka mwajiri amlipe mwenye H-1B kile anachowalipa wengine wenye sifa kama zake, au mshahara unaotumika eneo hilo, kutegemea kilicho kikubwa. Ni kweli kwamba ngazi mbili za chini za mishahara hiyo ziko chini ya mshahara wa katikati wa kazi hiyo, na kampuni za kukodisha wafanyakazi zimezitumia sana. Lakini hakuna sheria inayosema mhamiaji abakizwe au aondolewe kwanza. Naona unafuu wa mwajiri uko mahali pengine: mtu asiyeweza kuondoka haombi nyongeza, halalamiki kuhusu saa za ziada, na hukubali mradi ambao wengine wameukimbia. Anayeumia kwa hilo ni mhamiaji, na mwenyeji wa meza ya pili naye, kwa sababu masharti ya kazi hushuka kwa wote. Wenye H-1B wanaoachwa bila mradi wanapaswa kulipwa mshahara wao kamili hata wakikaa bure. Wakinyimwa, wana haki ya kulalamika Wizara ya Kazi, ingawa ni wazi kwa nini wengi wanaogopa.

Kuna hofu nyingine: kwamba ukiondoka lazima urudi kwenye bahati nasibu. Kwa kawaida si hivyo. Aliyewahi kuhesabiwa kwenye ukomo wa mwaka anaweza kuombewa tena kwa muda uliobaki katika miaka yake sita. Kilichobadilika ni gharama. Septemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini tamko linalotaka dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, kwa miezi 12 isipokuwa liongezwe, na likapingwa mahakamani. Idara ya uhamiaji ilifafanua mwezi uliofuata kwamba walengwa hasa ni walio nje ya nchi bila viza halali ya H-1B. Anayehama mwajiri akiwa ndani na hadhi yake ikiwa hai hatozwi. Kwa hiyo zile siku 60 zimezidi kuwa na thamani: kupata mwajiri ukiwa bado ndani ni jambo moja, na kumpata ukishaondoka huku viza imeisha ni jambo jingine kabisa.

Haikulazimika kuwa hivi. Australia ilikuwa na siku 60 kama Marekani, na tarehe 1 Julai 2024 ikaziongeza hadi 180 kwa mara moja, zisizozidi 365 kwa kipindi chote cha viza, na ikaruhusu mtu afanye kazi nyingine wakati anatafuta mdhamini. Kamati iliyokuwa ikimshauri Rais Joe Biden ilipendekeza siku 180 kwa wenye H-1B pia. Pendekezo likaishia hapo. Julai 2023 Canada ilifungua vibali 10,000 mahsusi kwa wenye H-1B walioko Marekani, na maombi yakajaa ndani ya siku mbili.

Kwa mwenye H-1B aliye kazini leo, zipo karatasi za kuwa nazo nyumbani, nje ya kompyuta ya kampuni, kwa sababu siku ya kupunguzwa kompyuta hiyo hufungwa mara moja: barua ya kuidhinishwa kwa H-1B, barua ya ombi la mhamiaji kama ipo, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na rekodi ya kuingia nchini yenye tarehe ya mwisho ya kukaa. Wakili wa mwajiri mpya ataziomba siku ya kwanza, na muda wa kuzitafuta ni muda wa kutoka kwenye siku zile zile 60. Na swali la kwanza la kuuliza ofisi ya rasilimali watu, kwa maandishi, kabla ya kuuliza kiasi cha kiinua mgongo, ni hili: tarehe yangu ya mwisho ya kuwa mwajiriwa ni ipi?